Aliyempokea Chiriku

Harufu ya saruji mbichi haina kazi mlimani. Fundi aliinusa pale njia ya majani ilipokwisha na mawe yakaanza, akasimama na kugeuza pua huku na huku. Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa amejenga nyumba za watu, na harufu ile aliijua kuliko harufu ya mto wake wa kulalia. Lakini hapo hapakuwa na nyumba, hapakuwa na lundo la mchanga, wala hata mfuko mtupu uliopeperushwa na upepo. Palikuwa na mwamba, nyasi fupi, na kibao kilichosema kwamba njia inayoendelea ni ya watu wazima wenye uzoefu.

"Kwani wanajenga huku?" aliuliza.

"Nani ajenge huku, mbuzi nao siku hizi wanapanga nyumba?" mkewe alimjibu.

Wakacheka, wakakipita kibao. Na kibao chenyewe hakikuwa kidogo. Herufi zake zilikuwa kubwa, na wote wawili walijua kusoma.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye maneno mafupi. Mtoto wao wa pekee alikuwa na miaka minne na jina la utani la Chiriku, na jina hilo alilipata kwa haki. Tangu alipojua kusema hakuwahi kufunga mdomo ila akilala, na hata usingizini alikuwa akinong'ona maswali. Kwa nini mawe hayana miguu. Kwa nini jasho lina chumvi na machozi pia yana chumvi. Kwa nini mlima hauchoki kusimama. Baba yake alimjibu lolote lililomjia mdomoni, mama yake alimjibu ukweli, na yeye akayachukua majibu yote mawili na kuuliza swali jingine.

Walikuwa wameanza na vilima vidogo, siku za mapumziko, na watu waliokutana nao njiani walisimama kumsifu mtoto: kaone kamguu kake, kaone kanavyopanda. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Fundi alisifiwa mwaka mzima, ndipo akautafuta mlima wenye kibao.

Sisemi walikuwa wazembe. Mtoto alivaa viatu vyenye soli ya meno na koti la mvua, na mfuko wa Fundi ulijaa biskuti, maji na soksi za kubadilisha. Penye ukuta wa mwamba uliozidi kimo cha mtu walikuwa na utaratibu wao: mama anatangulia, anapiga magoti juu, baba anamwinua mtoto kutoka chini, mama anampokea. Walikuwa wamefanya hivyo mara kadhaa tangu asubuhi na mtoto alifurahia sana, akidai kwamba yeye sasa ni karai la zege.

Alikuwa amelitoa kwa baba yake hilo la karai. Kazini, Fundi akiwa chini ya jukwaa, hapandishi karai huku akitazama juu, kwa sababu anayetazama juu anaingiwa na mchanga machoni. Anainamisha kichwa, anainua mikono, anasema "Pokea." Anasubiri asikie "Nimeshika," na asikie uzito ukimtoka mikononi. Hapo kazi yake imekwisha, na karai ni la aliye juu. Mafundi wote hufanya hivyo, na wengi wao wana macho mazima mpaka uzeeni.

Ukungu ulitoka bondeni, ukapanda nyuma yao bila haraka. Walipofika ukuta wa mwisho, walikuwa hawaoni tena walikotoka.

"Turudi," mke alisema.

"Kurudi kwa mawe haya yaliyolowa ndiyo hatari. Huu ni wa mwisho. Ukishafika juu kuna njia ya upande wa pili, pana, hata baiskeli inapita."

Kwa bahati mbaya alikuwa anasema kweli.  Upepo ukavuma mara moja, ukamvua mtoto kofia na kuitupa nyuma, na mama akageuka kuifuata bila kusema neno, akijua angerudi kabla mumewe hajamaliza kujifunga viatu.

Fundi alikuwa ameinama kweli, akikaza kamba za viatu. Alihisi mtu akimpita ubavuni. Alisikia soli ikikwaruza mwamba juu yake, punje za mchanga zikamwangukia begani, na ile harufu ya saruji mbichi ikaja nzito kiasi kwamba mwili wake ukajua la kufanya kabla ya kichwa. Akamshika mtoto kiunoni. Akainamisha uso. Akamwinua.

"Baba," Chiriku alisema akiwa hewani, "kwa nini mama ana mikono..."

"Pokea," alisema Fundi.

"Nimeshika."

Uzito ukamtoka mikononi taratibu, bila kuvutwa, kama unavyotoka ukipokewa na mtu anayeijua kazi. Swali la mtoto halikumalizika.

"Umemweka wapi?" mkewe aliuliza. Alikuwa nyuma yake, chini yake, ameshika kofia.

Fundi hakumbuki alivyoupanda ukuta ule. Viganja vyake vilichubuka na alama zake anazo mpaka leo. Alipofika juu alimkuta Chiriku ameketi katikati ya jiwe tambarare, mikono juu ya magoti, akitazama mbele. Hakukuwa na mtu mwingine. Mama alifika akihema, akamkumbatia mtoto, akampapasa kichwa, mgongo, miguu, akamkuta mzima. Kisha akamwachia kidogo na kuangalia viganja vyake mwenyewe. Kila kitu mlimani pale kilikuwa kimelowa kwa ukungu, nguo zao, nywele zao, mawe, lakini mtoto alikuwa mkavu.

"Si wewe uliyenijibu?" Fundi alimnong'oneza mkewe.

"Mimi sijafungua mdomo."

"Basi kuna mtu alikuwa juu, akatusaidia, akaenda zake."

"Akaenda wapi?"

"Watu wa milimani wana haraka zao."

Hata yeye hakuyaamini maneno hayo, lakini alijikaza kisabuni na kutangulia. Walishuka kwa njia ile pana. Chiriku alitembea mwenyewe kutoka juu mpaka chini. Hakuomba kubebwa, hakuomba biskuti, hakuuliza kitu. Mzee mmoja aliyekuwa akipanda na fimbo yake alisimama kumsifu, na mtoto akampita bila kumtazama.

Waliishi ghorofa ya juu kabisa ya nyumba moja ya kupanga. Juu yao hakukuwa na wapangaji, kulikuwa na dari, na juu ya dari mabati. Vyumba vilikuwa viwili na sebule, na cherehani ya mama ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Wiki iliyofuata, mama alifanya kazi hapo akimtazama mwanawe, na kila alipozidi kutazama ndivyo mishono yake ilivyozidi kwenda upande.

Mtoto alijibu kila alichoulizwa. Umeshiba? Nimeshiba. Unaumwa? Siumwi. Lakini yeye mwenyewe hakuuliza tena. Alikula akiwekewa chakula na kuacha akiondolewa. Wakimwacha peke yake chumbani, walimkuta mahali pa juu: juu ya meza, juu ya mgongo wa kochi, na siku moja juu ya kabati la nguo ambalo Fundi mwenyewe hulifikia kwa stuli. Ameketi, mikono juu ya magoti. Hakuna aliyemsikia akipanda.

"Watoto wanapanda," alisema Fundi.

"Stuli iko wapi?" mkewe alimuuliza.

Stuli ilikuwa jikoni. Fundi akamshusha mtoto, na alipomshika alimkuta mwepesi, naye ni mtu ambaye mikono yake hukadiria uzito kama mizani. Hilo hakulisema. Akaona bora aamini mtoto amekonda.

Siku mama alipoanza kuogopa waziwazi ilikuwa ya kuoga. Alimmwagia maji kichwani, na maji yakateleza kama juu ya jani la mgomba, nywele zikabaki kavu. Akammwagia tena. Akachukua sabuni, na sabuni ikakataa kutoa povu. Mtoto alisimama katikati ya beseni akimtazama kwa utulivu, kama anayesubiri mtu mwingine amalize upuuzi wake, na bafuni kukanuka saruji mbichi. Mama alitoka akafunga mlango, kisha akarudi kumfunga taulo, maana angemwacha vipi.

Jioni ya siku hiyo Fundi alirudi mapema. Alimkuta mkewe amekaa mbele ya cherehani, mguu juu ya pedali, haushoni. Mtoto alikuwa kwenye kochi mkabala naye.

"Kaa," mke alisema kwa sauti ya chini. "Usiseme kitu. Sikiliza."

"Nisikilize nini?"

"Nimesema usiseme."

Fundi akakaa. Jua lilikuwa bado dirishani, chini barabarani mtu alikuwa akipigia honi geti, na kwa muda hakusikia kingine, mpaka honi ilipokoma na geti likafungwa na nyumba ikatulia, ndipo ikamfikia sauti ndogo, ya mbali, iliyotoka juu, si juu ya dari wala juu ya mabati bali juu zaidi ya hapo, mahali ambapo hakuna kitu cha kukalia, sauti aliyoijua tangu ilipokuwa kilio cha kwanza hospitalini, ikiuliza bila kupumzika, kwa nini hapa hakuna taa, mama, kwa nini huyu hakai chini, mama, kwa nini hanijibu, mama, kwa nini baba haji, na wakati sauti ile ikiuliza, mtoto aliyekuwa kwenye kochi alikuwa amefumba mdomo, ameinua uso kuelekea dari, akisikiliza pamoja nao.

Mke alikuwa analia bila kutoa sauti. "Mwanangu yuko juu," alisema. "Huyu hapa ni nani?"

 Fundi akanyoosha mkono kumshika mkewe, naye mkewe akauondoa mkono wake.

"Ulimpa nani mwanangu?"

Kesho yake asubuhi walikwenda kwa Bibi Mkunga. Alikuwa mkunga mstaafu, anakaa chumba cha nyuma ya duka la baiskeli, na baada ya kuacha kuzalisha alibaki na kazi yake nyingine, ya kushughulika na wenzetu wasioonekana. Mteja mmoja wa cherehani ndiye aliyetoa habari zake, akaonya kwamba ulimi wake ni wembe. Hakukosea. Bibi aliwasikiliza hadithi ya mlima akiwa ameshika miwani mkononi, na walipofika kwenye kibao akawakatisha.

"Mtoto wa miaka minne mnampandisha majabali. Huko juu mlisahau nini?"

"Tulikuwa tunatembea tu, Bibi," alisema Fundi.

"Barabara ziliisha?"

Akavaa miwani, akauvuta mguu wa mtoto na kuuvua kiatu. Akapitisha kidole gumba kwenye unyayo, polepole, kutoka kisigino mpaka vidole. Ngozi ilikuwa laini, haina mkunjo wala mstari.

"Huyu hajakanyaga kitu tangu aumbwe," alisema. Mtoto akamgeukia. "Na wewe tulia. Sijasema na wewe." Akamrudishia kiatu, akamkazia macho Fundi. "Ulipompandisha, ulimwona anayempokea?"

"Hapana."

"Ulisema nini?"

"Nilisema pokea. Ni mazoea ya kazini, Bibi."

"Akajibu?"

"Alijibu."

Bibi akapumua. "Basi hukuibiwa. Ungeibiwa ningekusaidia kupiga kelele. Umetoa kwa mkono wako, umesema kwa mdomo wako, umejibiwa. Wale wana adabu kuliko nyinyi, hawachukui cha mtu, wanasubiri wapewe. Huyu wamewaachia ajaze nafasi, msije mkahangaika kutafuta."

"Atarudi?" mke aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo.

"Kilichotoka kwa mkono hurudi kwa mkono. Mpelekeni palepale, mchana. Mpe chake kwanza, kisha nyoosha mikono uombe chako." Akamwinulia Fundi kidole. "Usitazame juu. Ukimwona, na yeye atakuwa amekuona, mtakuwa mmefahamiana, na mtu mnayefahamiana naye haji kwa hodi, huingia tu. Jingine, atakupa mzuri kwanza. Wa kwanza daima ni mzuri. Usimchukue kwa sababu umechoka kusubiri."

"Twende wote, Bibi, tafadhali."

"Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Nendeni kabla hajamzoea."

Hawakujua kama alimaanisha yule wa juu asimzoee mtoto, au mtoto asimzoee yule wa juu. Hawakuuliza, kwa kuwa hakuna jibu ambalo lingewafurahisha.

Walipanda mchana uleule. Kile kitoto kilitembea katikati yao, mkono mmoja kwa baba na mwingine kwa mama, na mkono wenyewe ulikuwa baridi kama bomba la maji. Hakikuteleza wala hakikuhema. Kilipokipita kibao kikaanza kuburuta miguu, na walipofika kwenye mawe kikasimama.

"Baba, nimechoka," kilisema. "Nibebe."

Sauti ilikuwa ya Chiriku, hata kile kimkwaruzo chake cha mwisho wa neno. Wiki nzima Fundi alikuwa ameyangoja maneno hayo matatu, na sasa yalipokuja yalimpasua. Akajikuta ameinama, mikono mbele.

"Usimbebe," mkewe alimnong'oneza.

"Na kama Bibi amekosea? Kama ni yeye, amechoka kweli?"

"Muulize kwa nini mawe hayana miguu."

Fundi akarudisha mikono nyuma. "Kwa nini mawe hayana miguu?" aliuliza.

"Sijui," kilijibu kitoto, na kikanyamaza. Hakikuuliza mbona anauliza. Hakikuuliza kitu. Fundi akanyooka akakishika tena mkono, na wakaendelea kupanda huku kikirudia, nimechoka baba, nimechoka baba, kwa sauti ileile, bila kupanda wala kushuka, mpaka ukungu ukawafikia na harufu ya saruji ikawafikia pamoja nao.

Chini ya ukuta wa mwisho Fundi akapiga moyo konde. Akakishika kiuno, akainamisha uso, akakiinua. Ndipo kikamng'ang'ania shingoni. "Baba, usinipe," kilisema sikioni kwake. "Baba, mimi ni mwanao." Mkewe akaja kumsaidia. Walikibandua kidole kimoja kimoja, wote wawili wakilia, na nadhani hakuna mzazi anayeweza kufanya vile akabaki kama alivyokuwa, hata akiwa ameambiwa na wakunga kumi.

"Pokea chako," alisema Fundi.

"Nimeshika."

Uzito ukatoka. Akabaki ameinua mikono, macho kwenye ncha za viatu vyake.

"Teremsha changu."

 Punje za mchanga zilimwangukia kichwani. Kisha ile sauti, iliyopoa, ya mtu asiye na haraka na kazi yake, ikauliza, "Yupi?"

Miguu miwili midogo ikagusa viganja vyake. Ilikuwa ya joto, safi, na juu yake sauti ya mwanawe ikasema kwa furaha, "Baba umekuja. Nilijua utakuja. Nakupenda baba, nishike." Vidole vya Fundi vilianza kujifunga vyenyewe. Alitaka kuamini. Mtu aliyekosa kama alivyokosa yeye hutamani sana kuambiwa hivyo, tena kwa sauti hiyo.

Nyuma ya sauti hiyo, juu zaidi, kulikuwa na mtoto mwingine analia. Alilia kwa hasira, sauti imekauka kwa kulia siku nyingi. "Simtaki baba. Baba mbaya. Baba alinitoa. Namtaka mama. Kwa nini mama haji?"

Yalimwingia kama msumari, na kwa msumari huohuo akamjua mwanawe. Akafungua viganja. Miguu ile ya joto ikabaki inaning'inia hewani.

"Huyu si wangu," alisema. "Nipe huyo anayelia."

"Hakutaki."

"Hata kama hanitaki. Ni wangu. Mteremshe."

"Umesikia mwenyewe, hakutaki," sauti ilisema, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na uchungu ndani yake, uchungu wa mtu anayenyang'anywa. "Basi, shika."

Hakumteremsha. Alimtupa. Fundi alisikia kilio kikipita juu ya kichwa chake kuelekea bondeni, na fundi gani anaweza kudaka kitu kilichotupwa akiwa ametazama viatu vyake? Akainua uso. Akaona, akaruka, akamdaka mtoto kwenye ukingo kabisa, wakaanguka pamoja juu ya mawe, yeye chini. Alichokiona juu hakukieleza kwa kirefu hata kwa mkewe. Alisema ilikuwa mikono tu, na kwamba ilikuwa mirefu sana kwa sababu mwenyewe hakuwa karibu.

Mtoto alikuwa amelowa, ananuka mkojo, midomo imepasuka, na alikuwa mzito. Alimpiga baba yake usoni kwa ngumi zote mbili, akajinasua, akamkimbilia mama. "Kwa nini ulichelewa?" aliuliza. "Kwa nini?"  Mama alikaa palepale kwenye mawe akamkumbatia, na ile kwa nini, kwa nini, ikaendelea njia nzima ya kushuka, na ilikuwa sauti tamu kuliko zote alizowahi kusikia.

Chiriku alipona haraka kama wanavyopona watoto. Alikula, akanenepa, maji yakamlowesha, sabuni ikatoa povu. Maswali yalirudi mpaka majirani wa chini wakaanza kumkwepa kwenye ngazi. Lakini nyumbani yote alimuuliza mama. Baba akiingia chumbani, mtoto alinyamaza na kusogea upande wa pili wa mama. Akimnyooshea mkono, aliuficha wa kwake mgongoni. Fundi alimletea peremende, akamtengenezea kigari cha mbao, akapiga magoti mbele yake akamwomba msamaha kama anavyoombwa mtu mzima. Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukutazama?" alimuuliza. Ndilo swali pekee alilomuuliza tangu arudi, na Fundi hakuwa na jibu la uongo wala la kweli.

"Mpe muda," mkewe alimwambia. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kumsamehe, kidogo kidogo, kama mtu aliyeshona vibaya, anayefumua mshono na kuanza upya.

Alasiri moja walirudi sokoni wote watatu. Mama alitangulia, vikapu mikono yote miwili, akapanda ngazi za nyumba mpaka kona ya kwanza. Chiriku alikuwa ametembea sana. Alifika chini ya ngazi akasimama, akaziangalia, mabega yakamshuka. Baba yake alikuwa nyuma yake hatua moja.

"Nimechoka," mtoto alisema.

Fundi akainama, akanyoosha mikono. Aliogopa neno lolote lingemtisha. Chiriku alimtazama, akaitazama mikono ile, akampa mgongo. Kisha akainua mikono yake mwenyewe juu, kuelekea palipokuwa hakuna mtu, katikati ya uwazi wa ngazi, uso wake umetulia kabisa.

"Nibebe," alisema.

Mama, kule juu, alidondosha vikapu. Visigino vya mtoto vilikuwa vimeachana na sakafu, kisha vidole, na viatu vyake vidogo vikawa vinaning'inia, vikipanda bila haraka, na hakuwa analia, alikuwa anatabasamu. Fundi akaruka akamkamata kiuno. Kitu kikavuta juu, yeye akavuta chini. Mtoto akapiga kelele, aniache, aniache, wewe mbaya, akainama akamng'ata mkononi, akayakaza meno mpaka yakafika penye damu, na Fundi akamkumbatia vilevile, akafunga macho, akakaa chini kwenye ngazi na uzito wake wote, huku mkewe akishuka mbio kuja kumshika naye.

Mvuto ukalegea kidogo, ila haukukatika. Na kutoka juu, kwa upole, kama mtu wa kazini anayemhurumia mwenzake aliyeshika karai muda mrefu, sauti ikamwambia:

"Ukichoka, sema tu."